Albamu nzima au wimbo mmoja mmoja? Hesabu ya msikilizaji wa Wamaza

Mkaaji wa Kinshasa akitaka kusikia wimbo mpya wa Fally Ipupa, hufungua simu na wimbo uko pale. Huku kwetu Wamaza mkoani Maniema, katika nchi hii ya Kasongo na Kabambare, wimbo husafiri. Hupanda pikipiki ndani ya flashi ya mfanyabiashara aliyetoka Kindu au Bukavu, hufika kwenye kibanda cha mwenye kompyuta, na kutoka hapo huingia kwenye kadi za simu, moja baada ya nyingine. Mtandao mahali upo, mahali haupo. Umeme ni wa jua au wa jenereta. Pesa taslimu huonekana zaidi baada ya mpunga kuuzwa, au ndugu aliyeko kwenye machimbo ya dhahabu ya Salamabila akikumbuka nyumbani. Ndiyo maana swali ambalo kwa wengine ni la ladha tu, kwetu ni la matumizi ya nyumba: ununue albamu nzima, au uchague nyimbo unazozipenda moja moja?

Nautaja msimamo wangu mapema. Kwa muziki wa Kongo, albamu nzima ni bora, kwa mfuko na kwa sikio. Kwa muziki mwingine mwingi, chagua nyimbo.

Bei za vibanda hubadilika kutoka mji hadi mji na kutoka wiki hadi wiki, kwa hiyo tuanze na kipimo kisichobadilika, yaani mega. Faili ya MP3 ya ubora wa kawaida, ule wa kilobiti 128 kwa sekunde, hula karibu mega 1 kwa kila dakika ya muziki. Wimbo wa dakika 5 na nusu ni mega 5 na nusu. Albamu ya nyimbo 12 za urefu huo ni dakika 66, basi ni mega 66. Ukiitaka albamu hiyohiyo kwa ubora wa juu kabisa wa MP3, kilobiti 320, itafika karibu mega 160. Kadi ya giga 4, ambayo siku hizi huhesabiwa kuwa ndogo, hubeba zaidi ya saa 60 za muziki wa ubora wa kawaida. Hizo ni albamu zinazokaribia 60.

Sasa mtazame anayesikiliza kwa mtandao. Wimbo mmoja wa dakika 5 na nusu, ukiufungua mtandaoni mara 30 kwa ubora uleule, umekula mega 165. Kwa mega hizo ungepakua albamu mbili na nusu zikabaki kwako daima. Na hapo nimehesabu sauti peke yake. Video, hata yenye picha hafifu, hula mara kadhaa zaidi. Ningependa kila kijana anayenunua mega za siku aikariri hesabu hii. Kinachommaliza ni kule kuurudia wimbo mmoja ambao hakuuhifadhi, wala si wingi wa nyimbo anazozipenda.

Tuje kwenye faranga. Nitatumia bei za mfano tu, nawe uweke za kwenu mahali pake. Tuseme mwenye kompyuta anadai faranga 100 kwa wimbo mmoja, 500 kwa albamu ya nyimbo 12, na 5.000 kukujazia kadi nzima ya giga 4 kwa nyimbo anazozichagua yeye. Kwa wimbo mmoja mmoja unalipa karibu faranga 18 kwa dakika. Kwa albamu, chini ya 8. Kwa kadi iliyojazwa, faranga 1 na senti kadhaa.

Ukiishia hapo utasema kadi iliyojazwa imeshinda, na wengi ndivyo wanavyosema. Lakini hakuna anayesikiliza kwa dakika. Mtu husikiliza alichokipenda. Gawa bei ya albamu kwa bei ya wimbo: 500 kwa 100 ni 5. Kumbe albamu inakulipa pale tu utakapopenda nyimbo zaidi ya 5 kati ya zile 12. Ukijua kwa hakika kwamba unataka 2 tu, chukua hizo 2 na uende zako. Kadi iliyojazwa nayo ina mpaka wake: 5.000 kwa 100 ni 50. Ina nyimbo karibu 700, na ukipenda 50 tu kati yake hujapata faida wala hasara. Ukipenda 30, umepunjwa, hata kama kadi imejaa mpaka mdomoni. Fanya ugawaji huo mdogo kichwani kabla ya kutoa pesa. Ni wa sekunde chache, na ndio utakaokuambia ukweli wa bei yoyote utakayotajiwa.

Kadi ya kujaziwa ina hila nyingine ambazo bei haizionyeshi. Ili nyimbo nyingi ziingie, wengine hubana faili hadi kilobiti 64, na hapo gitaa la besi huwa kama linapigwa nyuma ya ukuta, na mi-solo, lile gitaa la katikati linaloshona rumba yote, halisikiki kabisa. Utakuta pia wimbo uleule umewekwa mara tatu kwa majina matatu. Utakuta faili zisizo na jina la mwimbaji, nyimbo zilizonaswa kutoka video na tangazo likiwa bado ndani yake, na nyimbo zinazokatika kabla sebene, ile sehemu ya magitaa ya kucheza, haijaanza. Halafu kuna kadi zenyewe: zimezagaa kadi za bandia zinazojitangaza kuwa za giga 32 na ndani hazibebi hata robo yake, zikizidiwa zinaharibu faili. Kabla ya kulipa, fungua nyimbo za mwisho kwenye orodha, si za mwanzo. Kama za mwisho zinaimba hadi mwisho, ni dalili njema.

Nimesema kwa muziki wa Kongo nachagua albamu. Sababu yake imo katika jinsi muziki huo ulivyokua.

Kampuni ya Ngoma ilipoanza kazi Léopoldville mwaka 1948, na Wendo Kolosoy akaimba Marie-Louise mwaka huohuo, wimbo ulilazimika kuingia kwenye santuri ya mizunguko 78, yenye nafasi ya dakika 3 na kidogo. Baadaye zikaja santuri ndogo za mizunguko 45. Wakati huo wanamuziki walikuwa wamezoea kuurefusha wimbo kwenye dansi: kwanza maneno polepole, kisha sebene ya magitaa ambayo watu ndiyo waliyoifuata. Wimbo wa namna hiyo haukutosha upande mmoja. Wakaukata. Sehemu ya kwanza upande A, sehemu ya pili upande B, na msikilizaji akainuka kugeuza santuri wakati utamu ndio unaanza. Ilipokuja santuri kubwa ya mizunguko 33, yenye zaidi ya dakika 20 kila upande, OK Jazz ya Franco Luambo iliuacha wimbo upumue. Mario wa mwaka 1985 una zaidi ya dakika 10, na hakuna dakika yake ninayoweza kuitoa.

Kaseti ikaja ikatufikia hata sisi wa bara, kwa sababu haikuhitaji mashine kubwa wala umeme wa mji; betri nne zilitosha. Kaseti ilikuwa na fadhila ambayo simu haina: ilikuwa taabu kuruka wimbo. Ukiruka, unazungusha hadi unapita, unarudisha, betri zinakwisha. Basi watu walisikiliza upande mzima, na ndiyo maana wazee wetu wanazijua nyimbo za Tabu Ley na za Zaiko Langa Langa ambazo hazikuwahi kuvuma redioni.

CD nayo ikawapa watu wa Kinshasa nafasi ya dakika 74, nao wakaijaza. Miaka ya 1990 na mwanzoni mwa 2000 ndiyo enzi ya albamu ndefu: Solola Bien ya Wenge Musica Maison Mère mwaka 1999, Effrakata ya Koffi Olomide mwaka 2001, na mwaka huohuo Werrason, kiongozi wa Maison Mère, akatoa Kibuisa Mpimpa ikiwa na CD mbili. Albamu hizi zilikuwa za bendi hata pale ambapo jina la kwenye jalada lilikuwa la mtu mmoja. Mkubwa alikuwa na nyimbo zake, na waimbaji vijana nao walipata nafasi ya kusikika, mmoja kwa wimbo wake mwenyewe, mwingine kwa ubeti mmoja. Mwishoni au mwanzoni mwa albamu kulikuwa na jenerike, ngoma ya kucheza yenye makelele ya maatalaku, wale wahamasishaji wa bendi, ile inayopigwa kwenye harusi na baa.

Anayechagua wimbo mmoja kutoka albamu kama hizo karibu kila mara huchukua jenerike. Ndiyo inayosikika barabarani, ndiyo iliyomo kwenye kila kadi ya kujaziwa. Nyimbo za polepole, ambamo ndimo maneno yalimo, zinabaki Kinshasa. Ferré Gola alianza kusikika akiwa kijana ndani ya kundi la Werrason. Fally Ipupa alikuwa katika Quartier Latin, bendi ya Koffi, kabla ya kutoa Droit Chemin mwaka 2006. Aliyesikiliza albamu za mabosi wao kutoka mwanzo hadi mwisho aliwajua vijana hao kabla hawajawa na jina lao kwenye jalada. Hiyo ni faida ambayo mchaguaji wa nyimbo hapewi na yeyote.

Kuna jambo la kitaalamu pia. Kibandani, mwenye kompyuta hukuonjesha sekunde chache za mwanzo, useme unautaka au hapana. Kwa rumba, kuonja huko ni udanganyifu usiokusudiwa, maana mwanzo ni maandalizi, na sebene inaweza kuanza dakika ya 4. Ndugu yangu, usimhukumu Koffi kwa sekunde 20. Kama lazima uonje, mwambie asogeze wimbo hadi katikati.

Nikiyasema haya siwadharau wanaochagua nyimbo. Kwa bongo fleva wao ndio wenye hesabu nzuri. Muziki wa Dar es Salaam wa leo hutolewa wimbo kwa wimbo. Albamu, ikija, mara nyingi hubeba nyimbo ambazo tayari umekuwa nazo kwa miezi. Diamond Platnumz alikuwa mashuhuri kwa miaka kadhaa kabla ya A Boy From Tandale ya mwaka 2018, na aliyengoja albamu hiyo alikosa muda wote huo. Na hata Kongo, kwa Innoss'B wa Goma, Yo Pe ya mwaka 2019 ilitosha peke yake kuwafanya watu wa Kongo na Tanzania wacheze pamoja, kwanza yeye mwenyewe, kisha akiwa na Diamond. Wimbo wa namna hiyo hauhitaji ndugu zake. Nunua huo mmoja.

Kwaya ziko katikati. Karibu kila nyumba ya Wakristo ukanda huu inaijua Kwetu Pazuri ya Ambassadors of Christ wa Kigali, na wengi wana wimbo huo tu. Lakini kwaya huandaa nyimbo zake kwa ajili ya ibada, mafundisho yakifuatana, na wimbo mmoja uliotolewa humo ni kipande tu. Kwa nyumba inayosali pamoja jioni, albamu ya kwaya moja ni matumizi mazuri zaidi kuliko nyimbo 12 za kwaya 12. Kwa kasida hali ni nyingine: nyingi zinajitosheleza, na Kasongo, mji wenye Waislamu tangu karne ya 19, husikiliza kwa tukio, Maulidi au harusi. Hapo chagua.

Na kama unapiga muziki kwenye sherehe, ukiwa na bafle na jenereta ya kukodi, sahau albamu kabisa. Kila lita ya petroli ina saa zake, na nyimbo tatu za polepole zikifuatana wageni wanakaa chini.

Huduma za mtandao za kulipia kwa mwezi nazipitia haraka, kwa sababu kwetu bado ni za wachache. Spotify ilifika Kongo mwaka 2021, na kwa malipo ya mwezi hutoa muziki karibu wote wa dunia. Hiyo ni bei nzuri kwa mwenye mtandao wa kudumu na kadi ya benki. Wamaza utalipa mara mbili: ada ya mwezi, kisha mega. Kabla ya hapo, duka la mtandaoni la iTunes, lililofunguliwa Marekani mwaka 2003, liliuza wimbo kwa senti 99 na albamu nyingi kwa dola 9 na senti 99. Nyimbo 12 mojamoja zingefika dola 11 na senti 88. Hata huko, basi, albamu ilikuwa nafuu kwa karibu dola 2. Lakini huko ugawaji wetu hutoa jibu gumu zaidi kuliko kibandani: lazima upende nyimbo 11 kati ya 12 ndipo albamu ikulipe. Haishangazi kwamba waliozoea duka hilo wakaacha albamu. Sisi tusiwaige kwa kuwa wao wameacha. Bei zao si zetu.

Usisahau njia ya bure. Radio Okapi, inayosikika tangu mwaka 2002, pamoja na redio za jirani zetu, hupiga muziki kila siku, na simu nyingi ndogo zina FM ukichomeka waya wa masikioni. Redio isiyokula mega ndiyo mwonjeshaji mzuri: acha ikutambulishe mwimbaji, kisha pesa yako iende kwenye albamu yake.

Chaji nayo ni gharama, hasa kwa anayelipia kuchaji simu kibandani. Kinachomaliza betri upesi ni kioo kuwaka na simu kutafuta mtandao. Fungua folda ya albamu, zima data, zima kioo, tia simu mfukoni. Utasikiliza kwa saa nyingi. Anayechagua wimbo, anasikiliza nusu, anawasha kioo kutafuta mwingine, atarudi kibandani mapema.

Ukienda kununua albamu, dai mambo mawili. La kwanza, kila albamu iwe na folda yake yenye jina la mwimbaji na mwaka. La pili, kila wimbo uanze na namba yake: 01, 02, 03. Simu ndogo hupanga nyimbo kwa herufi au kwa zamu zilivyonakiliwa, na bila namba hizo albamu inavurugika, wimbo wa kufunga unakuja wa tatu. Mwenye kompyuta atalalamika kwamba ni kazi. Mwongezee kidogo, kazi hiyo anaifanya mara moja, nawe utaifaidi kwa miaka.

Limebaki jambo ambalo ni zito kuliko mega. Faranga unazotoa kibandani ni za mwenye kompyuta, za umeme wake na kazi yake. Aliyeimba hapati kitu. Kongo ina shirika la haki za watunzi, SOCODA, tangu mwaka 2011, lakini kutoka kibanda cha Wamaza hadi ofisi ya Kinshasa hakuna njia ambayo faranga yako inaipita. Fally na Koffi wana matamasha yao Ulaya. Anayeumia ni mwimbaji wa karibu, yule asiye na tamasha Paris. Remmy Ongala alizaliwa Kindu, katika mkoa wetu huuhuu wa Maniema, akaenda kupata jina lake Dar es Salaam, na albamu yake Songs for the Poor Man ikatolewa na Real World ya Uingereza mwaka 1989. Mtoto wa Maniema alilazimika kwenda mbali hivyo ili albamu yake inunuliwe.

Bendi na kwaya za Kasongo, Kabambare na Kindu zinarekodi leo, kwa vifaa vidogo na pesa za kuchangishana. Kwa hizo msinunue wimbo mmoja, wala msinakili kwa rafiki. Mtafuteni kiongozi wa kwaya au wa bendi, mpeni mkononi au kwa M-Pesa bei ya albamu nzima, naye awatilie nyimbo zote kwenye kadi zenu mwenyewe.